Tiki Kumi kwenye Karatasi ya Manila

Watu wetu wanajua kubusu kitabu. Kikipita mbele yao wanakigusa kwa ncha za vidole, vidole wanavipeleka mdomoni, macho wanayafumba kama waliolamba asali. Sasa mwambie mmoja wao akifungue. Ataanza kutafuta miwani, na miwani iko usoni.

Nasema watu wetu kwa sababu na mie nimo. Bibi yangu mzaa mama aliletwa kutoka Aden akiwa na masufuria mawili na kitabu cha sala, na mpaka leo Manzese wananiita Mwarabu. Mwarabu asiyeonekana msikitini Ijumaa na asiyefungua banda Jumamosi. Nilishaacha kueleza. Ukimwambia mtu wewe ni Myahudi atakuuliza Yerusalemu kuna baridi kiasi gani, na mie sijawahi kuvuka Chalinze bila sababu ya kibiashara. Nauza milango na madirisha. Nyumba ya zamani ikitaka kuvunjwa Msasani au Mikocheni ili lijengwe ghorofa, mie nafika kabla ya katapila, nabishana na msimamizi mpaka anione kero, kisha naondoka na fremu za mninga. Kila fremu naihesabu mara mbili, inapopakiwa na inaposhushwa. Njiani vitu vina tabia ya kupungua.

Watu ndio sihesabu. Kwetu ni mwiko wa zamani. Ukitaka kujua kama wametimia kumi wa kusali, unasoma mstari mmoja wa Kiebrania wenye maneno kumi, kila kichwa neno lake, na kila neno likipata kichwa chake, salama. Mara yangu ya kwanza kuingia darasani nilinyoosha kidole nikaanza moja, mbili, tatu, na mwalimu akanipiga kwenye kidole kwa bisibisi.

"Hawa si fremu za madirisha," aliniambia.

Bisibisi aliishika kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa vyerehani Temeke, na sote tulimwita Fundi. Hakuna aliyempa cheo cha dini wala yeye hakukiomba. Mkali, mchoyo wa kahawa, ananuka oili ya mashine hata siku ya sikukuu. Lakini alijua kusoma, na katika kundi letu hiyo ilikuwa kama kuwa na kisima mtaa mzima unaponunua maji ya madumu.

Kila Jumamosi alasiri tulikaa sebuleni kwake, wawili wawili. Hakuhubiri hata siku moja; mahubiri aliyaita usingizi wa kulipia. Jozi moja, ukurasa mmoja. Mmoja anasoma, mwenzake anakataa. Akipita akawakuta mmetulia mnatikisa vichwa, anasimama juu yenu.

"Mmeshakubaliana? Basi hamjasoma."

Tena alikuwa na kipimo chake: sura hujaisoma mpaka umuulize mwenzako swali asiloweza kulijibu, na wewe pia ulale nalo. Wengi walikiona ni mateso. Mie nilijiona nimefika nyumbani. Maisha yangu yote nimekataa bei ya kwanza, na hapa nikawakuta walimu wa kale wanakataa bei ya kwanza kuhusu kila kitu chini ya jua, ng'ombe aliyemkanyaga mbuzi, ukuta uliomwangukia jirani, mkoba uliookotwa njiani. Watu wetu hupenda kusema Torati, Torati, wakidhani ni ile iliyofungwa kwenye velveti tu. Fundi alitusomesha na ile ya mdomo, iliyobishaniwa vizazi kwa vizazi kabla haijaandikwa. Sehemu aliyoipenda inaitwa Malango Matatu. Kila lango sura kumi, jumla thelathini. Aliitafsiri kwa mkono wake kutoka Kiebrania, akajaza kaunta buku tatu, moja kwa kila lango, kwa mwandiko wa mtu anayebana nafasi. Nakala nyingine haikuwepo.

"Tukiacha kusoma," alisemaga, "tunabaki chama cha kufa na kuzikana. Na hivyo Temeke vipo vingi, tena vina maturubai mazuri kuliko letu."

Akafa Jumatatu, tukamzika Jumanne. Ugonjwa haukumpa muda wa kugomba vya kutosha.

Msibani mwenyekiti wetu alisimama kabla maji ya kunawa hayajakauka mikononi mwa watu. Mwenyekiti ni mkandarasi wa Msasani, mtu wa heshima zake. Ndiye aliyenunua viti vya plastiki vyenye mikono na ndiye anayekumbusha kwamba alivinunua. Alipendekeza tuchapishe fulana zenye picha ya Fundi, nyeupe, na maneno ya dhahabu mgongoni. Akapendekeza pia hotuba, na mtoa hotuba alimfahamu vizuri, ni yeye mwenyewe.

Binti yake Fundi alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka. Ni mwanamke wa makamo, muuguzi, aliyekuwa akipita sebuleni Jumamosi zile na sinia la vikombe bila kutuangalia. Darasa hakuwahi kukaa. Alisubiri mwenyekiti amalize.

"Baba hakutaka fulana," alisema. "Aliniomba kitu kimoja tu, nikamwahidi nikiwa nimemshika mkono. Malango Matatu yote, sura thelathini, msome mmalize kabla siku ya thelathini haijaisha. Mkimaliza ndiyo mle. Msipomaliza, alisema, basi alikuwa anasomesha viti."

Nikatazama viti vya mwenyekiti. Vilikuwa na mikono, kweli.

Desturi yenyewe si ngeni kwetu. Mtu akifa, waliobaki hugawana sura za Torati ya mdomo, kila mmoja yake, wakamilishe kabla ya siku thelathini kwisha, halafu kinafuata chakula cha kumalizia. Binti alibandika karatasi ya manila ukutani, juu ya cherehani ya mwisho ambayo Fundi hakuimaliza. Akaandika namba thelathini, akafunga maka peni nyekundu kwa uzi. Ukichukua sura, unaandika jina lako. Ukiimaliza, unaweka tiki.

Mwenyekiti alichukua sura tano za lango la pili, kuanzia ya kwanza, akaruka ya nne tu, kama mtu anayekata viwanja. Ndugu wawili wauza viungo wakachukua tatu zilizofuata humo humo. Mie nikachukua mbili zilizobaki, ya nne na ya kumi. Ya nne inahusu kuuza na kununua, ya kumi inahusu nyumba iliyoanguka na nani achukue mbao na mawe yake. Nilijiambia hizo ni za kwangu kwa haki, nazilaga kila siku.

Lango la kwanza na la tatu waligawana wengine, ila nusu nzima aliibeba dada mmoja mshona nguo, mzaliwa wa Mtwara, aliyekuja kwa Fundi miaka mingi nyuma kutengenezewa cherehani akabaki kuuliza maswali. Kuna sehemu duniani wangeguna kumwona mwanamke kwenye kaunta buku. Sie hatukuwa na anasa hiyo. Alikuwa akipita jioni akitoka kibandani, anakaa sebuleni, anasoma kwa sauti peke yake, na anajibishana na marehemu.

Tiki zikaanza. Mwenyekiti aliweka zake tano kwa siku moja, wino mzito, kila mkia umepanda juu kama sahihi ya benki. Kesho yake wauza viungo wakaweka zao tatu. Kwenye grupu la simu kukawa na mikono ya sala, mioyo, na mtu aliyeandika "tunasonga mbele". Nilisoma sura ya kumi, nikaipenda, nikaweka tiki. Nilipofika kwenye karatasi, kalamu mkononi, nikaona ile ya nne iko wazi na tiki za mwenyekiti zinaizunguka. Nikaiwekea nayo. Nilijiambia nitaisoma wiki hiyo. Kuhusu kuuza na kununua, nani ataniambia jipya?

Siku ya thelathini ikaangukia Jumatano. Mwenyekiti alitaka tuisogeze Jumapili, watu wapumzike. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kalenda, Jumatano. Binti akasema Jumatano, saa nane mchana.

Asubuhi yake nikiwa bandani akanipigia simu.

"Kaka, lile kaunta buku la lango la pili unalo wewe? Nataka yote matatu yawe mezani."

"Ninalo, dada. Baba alinipa kabla hajaugua. Nalileta."

"Afadhali. Nimetafuta mpaka nimechoka. Na wenzako wamelirudisha kwako lini?"

"Wenzangu hawajalichukua. Walisoma kwenye kopi, si mwenyekiti alisema ana kopi?"

"Kopi gani? Hakuna mtu aliyewahi kupewa kitabu kutoa kopi."

Nilifungua droo. Kaunta buku lilikuwa pale pale nilipoliweka, chini ya bawaba na makomeo, na ukurasa wa kwanza bado una alama ya kikombe changu. Nikakaa juu ya fremu ya dirisha nikapiga hesabu. Lango la pili, sura kumi. Kitabu kimoja, kiko kwangu mwezi mzima. Hakuna aliyekiomba, hakuna aliyeuliza kiko wapi. Tiki kumi. Nikapiga tena, maana nilitaka sana nikosee. Aliyesoma ni mmoja, na amesoma moja.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kwa dakika tano nzima nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa mita ya maji. Watu wa velveti, watu wa kufumba macho, nimewashika shingo. Ndipo nikaikumbuka ile ya nne.

Nilifika Temeke kabla ya wageni. Binti alikuwa jikoni. Wali wa nazi na samaki aina ya changu, kwa sababu aliyekuwa akituchinjia nyama ndiye tuliyemzika. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, kitabu kifuani.

"Kwa hiyo zimebaki ngapi?"

"Tisa."

"Tiki za uongo ni tisa?"

"Tisa."

"Na zako ni ngapi humo?"

Mtu anayebishana bei kwa kazi anajua lini mwenzake ameshaona kitambaa kina tundu. "Moja," nilisema.

Alinitazama vile vile baba yake alivyokuwa akitazama cherehani iliyofunguliwa na fundi wa uchochoroni. Kisha akafunika sufuria, akaweka kinu juu ya mfuniko.

"Hawali," alisema.

Saa nane wakaja, wamevaa vizuri, pua zikitangulia jikoni. Mwenyekiti alikuwa na karatasi zilizokunjwa mfuko wa juu. Binti akasimama chini ya manila, akasema kwa sauti ya wodini, ile isiyopanda wala kushuka, kwamba kitabu cha lango la pili kilikuwa Manzese kwenye droo mwezi mzima, na angependa kujua kimesomwaje.

Wauza viungo wakatazamana. Mwenyekiti hakutazamana na mtu.

"Mie nilisomea kwenye simu," alisema. "Kwa Kiingereza. Siku hizi kila kitu kipo."

"Vizuri," nilisema mie. "Sura ya kwanza ni yako, mwenyekiti. Watu wawili wameshika nguo moja waliyoiokota. Mmoja anasema yote yangu. Mwingine anasema nusu yangu. Kila mmoja anapata kiasi gani?"

Fundi alituweka kwenye nguo ile Jumamosi nane. Nguo hiyo hata paka wa nyumba ile alikuwa anaijua.

Mwenyekiti alivuta pumzi. "Suala pale si kiasi gani, braza. Ukisoma kwa ndani, suala ni upendo."

Dada wa Mtwara aliguna, akaificha sura yake kwenye mtandio.

"Robo tatu na robo," nilisema. "Nusu haigombewi, inayogombewa wanagawana. Upendo haumo."

"Sasa wewe ndiye hakimu?"

"Mie ni mshitakiwa wa pili. Ya nne nimeitia tiki sijaisoma. Nimeshamwambia mwenye nyumba."

Hapo nilidhani wataona haya. Nilikosea hesabu. Walianza kupunguza bei.

"Tusome mbili sasa kwa niaba," alisema mwenyekiti, "halafu saba tutamalizia taratibu. Jumamosi ijayo. Nia ipo."

"Tisa, leo," alisema binti.

"Dada yangu, watu wana njaa. Tatu."

"Tisa."

"Kitabu chenyewe ni kimoja. Tukisoma kwa zamu tutafika saa tano usiku na jua litakuwa limezama. Kwa hesabu zenu wenyewe haitafaa. Nne, tunafunga, tunakula."

Ilikuwa hoja nzuri, nikachukia kwamba ni ya kwake. Siku ilikuwa inaisha na jua, tisa kwa kitabu kimoja hazingetosha. Binti alisimama akitazama lile kaunta buku mezani. Nilimwona akikokotoa, na nikaona haendi popote. Mwezi mzima alipika, alipokea watu, alifuta vumbi kwenye cherehani ambayo hakuna atakayekuja kuichukua, akiamini ukuta wake. Ahadi ilikuwa inamfia mkononi kwa sababu ya kitabu kutotosha watu wasiokitaka.

Dada wa Mtwara akafungua mkoba wake, akatoa mkasi wa kushonea.

"Limeshonwa kwa uzi," alisema. "Nikate uzi, kila sura itoke peke yake. Nitalishona tena."

Mwenyekiti aliinuka. "Huwezi kukata kitabu kitakatifu."

Mwezi mzima hakukitafuta. Sasa alikuwa amenyoosha mkono juu yake kama mama aliyemkinga mtoto.

"Kata," alisema binti.

Mkasi uliingia mgongoni mwa kitabu, uzi ukatoka mrefu, mweupe, uzi wa cherehani, Fundi alilishona mwenyewe. Karatasi zikalala mezani mafungu mafungu. Binti akazigawa bila kuuliza. Mwenyekiti alipewa dada wa Mtwara kuwa jozi yake, sura ya kwanza. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi sana.

Kwa nusu saa ya kwanza walisoma kama watu wanaosoma mkataba wa mkopo. Wanatamka, wanageuza. Mmoja wa wauza viungo aliuliza kama sura zote zina urefu sawa. Harufu ya nazi ilikuwa inapita chini ya mlango. Halafu kutoka pembeni nikasikia sauti ya mwenyekiti imepanda.

"Haiwezekani apate robo. Kama alikuwa muungwana akaomba nusu tu, anaadhibiwa kwa uungwana wake? Mwongo ndiye anafaidi?"

"Ndiyo nakuuliza mie," alisema dada wa Mtwara. "Nijibu."

"Nasema haiwezekani."

"Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Nakataa."

Lilikuwa swali zuri. Linanikera hadi leo. Wengine wakasikia wakaanza kugeukiana, na baada ya muda sebule ikawa na kelele ambazo mie huzisikia kwa wauza mitumba marobota yakifunguliwa, kila mtu ameshika upande wake wa kitu na haachii. Sikuhesabu. Lakini kama Fundi angepita, asingemkuta mtu wa kumsimamia kichwani.

Ya nne ilibaki kwangu na sikuwa na jozi. Binti akavuta kigoda akakaa mbele yangu, mikono bado ina unga wa binzari.

"Soma," alisema. "Mie ndiye wa kukataa."

Nikasoma. Mambo ya sarafu, mambo ya kumzidishia mnunuzi bei, nikawa nayapita kwa kiburi changu chote, naam, naam, nayajua. Mpaka karibu na mwisho, pale panapokataza kumuuliza muuzaji bei ya kitu huku hutaki kununua. Wanasema kama ilivyo dhuluma kwenye mauzo, ipo dhuluma kwenye maneno, na hii ni mojawapo.

Nilisimama hapo. Mie huuliza bei kama watu wengine wanavyosalimia. Naingia uchochoro mzima Manzese nauliza bei ya makabati, ya taa, ya masinki, sina haja na hata kimoja, napima soko, nafurahisha ulimi. Watu wameshusha vitu kutoka juu ya paa kwa ajili yangu.

"Kwa nini ni dhuluma?" aliuliza binti. "Hujachukua kitu chake."

"Umempotezea muda."

"Alikuwa amekaa bure tu."

"Umempa tumaini."

"Na wewe ulipoandika tiki pale ukutani," alisema, akiwa haangalii ukuta, "mie ulinichukulia nini?"

Nilitafuta jibu. Nimewahi kumjibu mgambo, mkaguzi na mama mkwe, lakini pale nilibaki na karatasi mkononi. Nje mwanga ulikuwa umeshakuwa wa njano, jozi nyingine zilikuwa zinamaliza.

"Sina jibu, dada."

"Basi umesoma," alisema. Kipimo cha baba yake alikijua. Kumbe masinia yale yalikuwa na masikio.

Jua lilikuwa bado juu ya bati la jirani tulipomaliza ya tisa. Binti alichukua maka peni. Nilidhani ataziacha tiki kama zilivyo, maana sasa zilikuwa kweli. Akapiga mstari juu ya kila moja ya zile tisa, moja baada ya moja, na pembeni akaweka tiki mpya, ndogo. Kisha akaondoa kinu juu ya sufuria.

Wali ulikuwa umepoa na ukoko umeshika. Walikula bila kulalamika, hata mwenyekiti, aliyekuwa bado anamwambia dada wa Mtwara haiwezekani, mdomo ukiwa na samaki. Hotuba ilibaki mfukoni mwake. Kurasa sita, nilizihesabu zilipochungulia, nikazihesabu tena alipoinama kunawa.

Kaunta buku limeshonwa, kwa uzi mweusi safari hii, na dada wa Mtwara ndiye anayelifungua Jumamosi. Binti siku hizi akileta sinia analiweka chini, anakaa. Manila haijatoka ukutani. Niliwahi kumwomba aitoe, nikamweleza kwamba inavutia vumbi, akaniuliza kama kweli nataka kununua au naulizia tu. Mwenyekiti huchagua kiti kinachoipa mgongo. Mie nimepangiwa kile kinachoitazama, na kati ya tiki tisa zilizopigwa mstari yangu ni ya nne kutoka juu.